Bagamoyo: parokia mama iliyobaki ndogo mjini kwake

Historia ya Kanisa Katoliki Tanzania bara huanzia Bagamoyo. Mnamo Machi 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja na kufungua misheni upande wa bara. Mwaka 2018 Kanisa la nchi nzima liliadhimisha hapo miaka 150 ya uinjilishaji. Anayefika mara ya kwanza hutarajia kukuta ngome ya Ukatoliki. Anakuta mji wa Waislamu, na misheni iko pembeni, upande wa kaskazini, mwisho wa njia ya miembe.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Uislamu ulitangulia. Ni kweli: magofu ya msikiti wa Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, yanarudi nyuma hadi karne ya 13. Lakini jibu hilo halitoshi. Bagamoyo ya miaka ya 1870 na 1880 ilijaa watu ambao hawakuwa Waislamu: wapagazi wa Kinyamwezi waliokuja na pembe za ndovu maelfu kwa maelfu kila msimu, watumwa wa mashambani, Wazaramo, Wakwere na Wadoe wa vijiji vya jirani. Wengi wao walisilimu katika miaka ileile ambayo misheni ilikuwa inafanya kazi nusu saa kwa miguu kutoka kwao. Kwa hiyo swali ni kwa nini hawakuelekea misheni, na jibu lake limo katika mpango wa misheni yenyewe. Haikujengwa ili kuwabatiza watu wa mji.

Mpango uliotoka Réunion

Mwaka 1860 Padri Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadri na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Mahali walikotoka panaeleza mengi. Utumwa ulifutwa Réunion Desemba 1848, na shirika hilo la masista lilianzishwa mwaka uliofuata, likiwapokea wanawake waliokuwa watumwa pamoja na wale wa familia za mabwana. Mapadri na masista hawa walikuwa wamezoea kuwalea watu waliotoka utumwani kwa shule, kazi za mikono, kilimo cha mashamba makubwa na sala kwa ratiba. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipokabidhiwa kazi ya Unguja mwaka 1863, Horner na Padri Étienne Baur wakiwa wa kwanza kufika, waliukuta mfumo huo tayari.

Unguja ilikuwa finyu kwa mpango wa namna hiyo. Bagamoyo ilikuwa na ardhi tele na iko mkabala na kisiwa, na Sultani Majid hakuwazuia. Walipanda minazi, vanila, na mibuni ya aina ya Bourbon iliyotoka Réunion. Miche ya kahawa kutoka misheni hii ilikuja kuanzisha mashamba ya Kilimanjaro, nasi tungesema ndiyo alama ya Bagamoyo iliyowafikia watu wengi zaidi baada ya ubatizo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Watoto walikombolewa sokoni kwa fedha, au walikabidhiwa misheni na konsuli wa Uingereza baada ya manowari kukamata majahazi ya watumwa. Waliwekwa kwenye nyumba za kulelea, wavulana kwa mapadri na mabruda, wasichana kwa masista. Walifundishwa katekisimu, kusoma, useremala, uhunzi, ushonaji na kilimo. Wakifikia umri, wavulana na wasichana waliozwa hapohapo, na kila familia ikapewa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni. Hatua ya mwisho ndiyo iliyokuwa shabaha: kuzichukua baadhi ya familia hizo, kuzisafirisha bara na padri, na kuanzisha nazo misheni mpya. Bagamoyo ilikuwa kitalu, na miche ya kitalu hung'olewa.

Anayetaka kuelewa kwa nini mpango ulishika sura hii atazame fedha zilitoka wapi. Mfadhili mkuu wa ukombozi alikuwa Chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. Wachangiaji wake walitoa kwa ajili ya watoto: kuwakomboa, kuwabatiza, kuwalea. Barua za mapadri kwenda Ulaya kwa hiyo zilijaa watoto, na hesabu za misheni zilitegemea watoto. Mpagazi wa miaka 30 aliyekaa Bagamoyo wiki tatu akisubiri msafara hakuwa na fungu katika hesabu hizo, na kumfundisha mtu wa namna hiyo kungehitaji wakatekista waliozoea kutembea mitaani, ambao misheni haikuwa nao wala haikuwaandaa.

Sifa na nyufa

Wageni walivutiwa sana. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Bagamoyo mwaka 1871 akikusanya wapagazi wa kumtafuta Livingstone, aliandika jinsi mapadri walivyomkaribisha kwa shampeni. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa, aliiona misheni na kuisifu kama mfano wa kuigwa. Muda mfupi baadaye Waanglikana walianzisha kijiji cha watumwa huru karibu na Mombasa, kikaitwa Frere Town.

Ndani hali ilikuwa ngumu kuliko ripoti za wageni. Kipindupindu kilipita pwani mwaka 1869 na 1870. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliyovunja Unguja iliiangusha na misheni, na majengo yakaanza upya. Malaria iliwaua wamisionari vijana. Makaburi yao yamejipanga katika uwanja wa misheni, na wengi wao hawakufikia umri wa kuijua lugha vizuri. Hasara hiyo ya mwisho haitajwi sana, lakini padri aliyekufa mwaka wake wa pili aliondoka na Kiswahili chote alichojifunza, na aliyemfuata alianza upya. Charles Sacleux ni kielelezo cha kinyume chake: aliishi muda mrefu, akafanya kazi Bagamoyo na Unguja, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris mwaka 1939 ingali ikifunguliwa na wanaochunguza lahaja za pwani.

Ufa mkubwa zaidi ulikuwa kijijini. Mtu aliyekombolewa akiwa mtoto hakuwa na ukoo hapa, na nje ya misheni angeweza kukamatwa na kuuzwa tena. Misheni ilikuwa kinga yake. Ilikuwa pia mwajiri wake, mwenye nyumba yake, msimamizi wa ndoa yake na hakimu wake. Wakati biashara ya watumwa ilipokuwa imepamba moto, kinga hiyo ilizidi uzito wa mengine yote. Baada ya mkataba wa Juni 1873 kufunga biashara ya baharini, hatari ilipungua polepole, na watu wazima wa kijijini wakaanza kupima upya. Vijana waliolelewa hapo, wenye ufundi mikononi na Kiswahili kizuri, walikuwa na soko mjini na katika misafara. Wengine waliondoka. Mapadri waliandika kwa uchungu juu ya kukosa shukrani. Sisi tunaona jambo la kawaida zaidi: mtu aliyefundishwa useremala alitaka kulipwa kama seremala.

Mji ulikuwa na njia yake

Kipimo kizuri cha kilichokosekana misheni ni maisha ya Sheikh Ramiya. Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina hilo, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akaingia katika nyumba ya liwali Amir bin Suleiman al-Lamki. Asili yake haikutofautiana na ya watoto wa misheni. Alisoma dini, akapata mashamba, akawa kiongozi wa tarika (udugu wa Kisufi) ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa mmoja wa watu wenye heshima kubwa kuliko wote mjini. Ziyara ya Ramiya iliufanya mji kuwa kituo cha mikusanyiko ya tarika.

Tarika ilimpa mtumwa wa zamani mambo matatu ambayo kijiji cha misheni hakikuweza kumpa kwa pamoja. Ilimpa ndugu wa dini waliokuwa majirani zake wa kila siku. Ilimfungulia ngazi ya kupanda, kutoka mwanafunzi hadi khalifa hadi sheikh, bila kungoja ruhusa kutoka Ulaya. Na haikumtaka ahame mji. Katika misheni ngazi ya juu kwa Mwafrika wa karne ya 19 ilikuwa ukatekista. Majaribio ya kuwafanya vijana wa Bagamoyo mapadri hayakufika mbali katika miaka hiyo.

Vita vya 1888 na 1889 viliweka wazi nafasi ya ajabu ya misheni, ndani ya jamii na nje yake kwa wakati mmoja. Watu wa pwani walipoinuka chini ya Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Kijerumani, Bagamoyo ilipigwa mizinga na manowari, na nyumba zikachomwa. Misheni haikushambuliwa. Wakimbizi walijaa uwanjani mwake. Padri Baur alikuwa na maelewano na Abushiri, na Wabenedikto waliotekwa Pugu Januari 1889 walikombolewa kwa msaada wa mapadri wa Bagamoyo. Ilisaidia kwamba walihesabiwa kuwa Wafaransa, si watu wa kampuni. Ikasaidia pia, kwa upande wa pili, kwamba Horner na Baur walikuwa wenyeji wa Alsace, jimbo lililochukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, hivyo Kijerumani hakikuwa kigeni katika nyumba ile. Watu wa mji waliiheshimu misheni na kuikimbilia. Vita vilipokwisha walirudi makwao na misikitini kwao.

Miche ilipandwa kwingine

Kuanzia Mhonda, mwaka 1877, familia za Wakristo kutoka Bagamoyo zilitolewa kwenda bara. Mandera ilifuata mwaka 1881, Morogoro 1882, Tununguo 1884. Misafara ya Mapadri Weupe waliokwenda Tabora na Uganda nayo ilianzia Bagamoyo mwaka 1878. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, Alexandre Le Roy na Padri Gommenginger walipanda Uchagani, ukawa mwanzo wa misheni ya Kilema.

Kilema ndipo mpango wa zamani ulipoachwa, ingawa haikutangazwa hivyo. Hapakuwa na watoto wa kununua. Palikuwa na mangi (mtawala wa Wachaga), koo zenye vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, na watoto walioshinda shuleni kisha wakarudi jioni kulala kwa mama zao. Mtoto aliyebatizwa alikuwa na babu, shangazi na binamu, na imani ilipita kwa njia hizo hizo. Kulikuwa na Walutheri jirani, na ushindani wa shule uliwachochea wote wawili. Mwaka 1910 Kilimanjaro ilitengwa kuwa vikarieti yake, yaani eneo la kimisionari lenye askofu wake kabla ya kuwa jimbo. Bagamoyo, kwa upande wake, ilipoteza familia zake bora kila kituo kipya kilipofunguliwa. Aliyebaki alikuwa mgonjwa, mzee, mjane au mkaidi, na hao ndio waliohesabiwa kuwa parokia.

Kisha uchumi ukahama. Wajerumani walifanya Bagamoyo makao yao, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam kwenye bandari yenye kina. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo wa behewa moja ulikuwa kazi ya wapagazi mamia. Misafara ikakoma, na mji uliokuwa umeishi kwa misafara ukanyauka.

Jambo la kushangaza ni tarehe za kanisa kubwa la mawe linaloonekana leo: 1910 hadi 1914. Lilijengwa wakati reli ilikuwa imeshapita mji kando. Mtu anaweza kuliita kosa la hesabu. Tunadhani lilikuwa jambo la hadhi: tangu 1906 Bagamoyo ilikuwa jina la vikarieti nzima, chini ya Askofu François-Xavier Vogt, na makao ya askofu yalihitaji kanisa linalolingana, hata kama waumini walikuwa wakipungua. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916.

Namna ya kusoma vitabu vya parokia ya aina hii

Anayeandika historia ya parokia iliyoanza kwa watu waliokombolewa ataangukia mtego mmoja mapema: kujumlisha ubatizo wa kila mwaka na kuuita idadi ya waumini. Jumla hiyo itakuwa kubwa mno. Ubatizo mwingi ulitolewa katika hatari ya kufa, na waliobatizwa hivyo walizikwa wiki ileile. Aliyepona aliletwa kanisani baadaye kukamilishiwa ibada zilizobaki, na katika vitabu vilivyotunzwa bila uangalifu mtu huyo huonekana mara mbili. Kwa hiyo weka kitabu cha ubatizo na cha vifo mezani pamoja, na uondoe kwanza majina ya waliokufa na yaliyojirudia kabla ya kuhesabu.

Majina yenyewe yanapotosha. Jina la ubatizo la Kifaransa mara nyingi lilichaguliwa na mfadhili wa Ulaya, na watu kumi wanaweza kuitwa Joseph au Marie mwaka mmoja. Sehemu ya wazazi huandikwa kwa Kilatini kwamba hawajulikani. Umri ni wa kukisia kwa meno na kimo. Kabila lililoandikwa, Myao au Mnyasa au Mngindo, laweza kuwa ni njia ya msafara uliomleta au soko aliponunuliwa tu. Kinachosaidia kumtambua mtu ni tarehe pamoja na msimamizi wa ubatizo: wasimamizi walikuwa wakazi wa kudumu wa kijiji, na wachache wao hurudiarudia kwa miaka.

Ndoa pia zina mpaka wa mwaka. Amri ya Papa Pius X iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908 iliwataka maparoko waandike ndoa pembeni mwa jina la mhusika katika kitabu cha ubatizo. Kabla ya hapo usitegemee kuikuta pembeni. Tafuta kitabu cha ndoa chenyewe, na kama familia ilihamishwa, tafuta katika vitabu vya kituo kipya. Mtu aliyebatizwa Bagamoyo na kuzikwa Mhonda huonekana Bagamoyo kama aliyetoweka.

Kuna pia hadithi za kusafisha. Livingstone hakuwahi kuiona misheni hii akiwa hai. Safari yake ya mwisho ilianzia Mikindani mwaka 1866. Alifia Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili zaidi ya kilomita 1,500. Ulifika misheni tarehe 24 Februari 1874, ukalazwa katika kanisa la kwanza ambalo mnara wake umebaki, kisha ukavushwa Unguja. Mnara unaitwa kwa jina lake kwa sababu ya usiku huo.

Majengo makubwa, mikono michache

Urithi wa mpango wa 1868 unaolemea zaidi leo ni kuta. Parokia ya kawaida ilirithi majengo ya makao makuu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo na matumbawe kwa tabaka katika tanuu, kuyachoma siku kadhaa, kuzima kwa maji na kuiacha ikomae. Dari za zamani zilishikwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya pwani ni virefu na vyembamba.

Kuta hizi hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea usoni, ukileta chumvi. Anayezipaka lipu ya saruji hufunga njia hiyo. Maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache saruji hubanduka na vipande vya jiwe. Dawa ni kuivua saruji yote, kuacha ukuta ukauke, kisha kupaka chokaa iliyokomaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji ili isikauke haraka. Mchanga wa ufukweni haufai bila kuoshwa; una chumvi ileile inayokimbiwa. Kazi hii huenda polepole na hudai mafundi wanaoijua chokaa, na gharama yake haiendani na sadaka ya Jumapili ya mji mdogo. Jumuiya ndogondogo, zilizosisitizwa na maaskofu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, zinaweza kubeba katekesi na wagonjwa. Paa la kanisa la 1914 linahitaji mfuko mwingine.

Vikarieti ya 1906 iliyobeba jina la Bagamoyo iligeuzwa mwaka 1953 kuwa Jimbo la Morogoro, makao yakiwa kule reli ilikopita, na Bagamoyo ikabaki parokia ya jimbo lililozaliwa nayo. Mwaka 2025 Roma iliunda Jimbo la Bagamoyo kwa kumega maeneo ya Dar es Salaam na Morogoro, na mji ukapata askofu wake tena.